Panya wa Nyumbani

Nyumba ya Nyoka
6 Februari

Mama Pacha, mke wangu,

Mimi mzima, ukiacha mgongo. Mgongo nao umeshazoea, tusiuhesabu.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana nilikuandikia "natunza wanyama" na wewe ukadhani ng'ombe. Sikukudanganya, nilikwepa tu. Ni nyoka. Nazoa uchafu wao, nabadilisha maji, nasugua vioo ili watu wanaokuja kutazama waone vizuri. Usipige kelele, utawaamsha watoto. Wenye sumu siwashiki kwa mkono, nina fimbo yenye ndoano, na kabla ya kufungua tundu lazima Bibi Funguo awe amesimama nyuma yangu. Huyu ni mama mtu mzima anayeshika funguo zote za hapa, ana miaka mingi kuliko mlango wenyewe, na mdomo wake una sumu kuliko waliomo ndani.

Sasa shida iliyopo. Nyoka hawali. Tajiri wetu alikuwa anawapa wote chakula kimoja, vipande vya nyama kutoka buchani, halafu akabadilisha akaleta panya weupe wa kufugwa, wale wa macho mekundu. Wengine wanawanusa na kugeuka. Chatu mkubwa amekonda mpaka ngozi inamlegea kama suruali ya kuazima. Akaitwa daktari wa wanyama, mwanamke mmoja mkimya, akakaa mbele ya vioo siku nzima anaandika. Akasema kila nyoka apewe kile ambacho angekikamata mwenyewe huko alikotoka. Yule mwembamba wa kahawia anakula mayai tu, anameza yai zima halafu anatema ganda, mpe mayai. Fira anapenda chura, na usimweke na nyoka mwenzake maana humla bila aibu. Kifutu na chatu wanataka panya wa kweli, wa shambani, mwenye harufu ya nyasi na nafaka.

Nikafikiria kwetu. Kwetu panya wanafanya harusi darini! Nikamwambia Tajiri, panya wa namna hiyo ninao. Akasema nikiwaleta na nyoka wakila, atanipa chumba cha nyuma, chenye madirisha mawili, niwalete ninyi. Mama Pacha, nimesema madirisha mawili.

Mwambie mdogo wangu Kasuku atege, awaweke kwenye madebe aliyotoboa, ampe Polepole dereva wa lori. Wawe hai. Na barua zetu zipite hapo hapo kwa Polepole, hapa ofisini ipo simu lakini kwetu hakuna wa kuipokea.

Mumeo,
Baba Pacha


Nyumbani
20 Februari

Baba Pacha,

Ng'ombe hawatambai. Nilijua kuna kitu. Mama yako nimemwambia unachunga sungura, na wewe ukimwandikia, andika sungura, presha yake unaijua.

Madebe mawili yanakuja na barua hii. Shemeji Kasuku amehangaika nayo usiku kucha, na maneno yake kama kawaida: anasema kaka yake ameenda mbali kuwa mpishi wa nyoka. Mtaa mzima umeshajua. Tangu ahamie kwetu sijasikia kimya. Lakini ana mkono mwepesi, na jioni anawasomea majirani barua zao kwa sauti ya redio, kwa hiyo namvumilia.

Sisi wazima. Usiwaze habari ya chakula. Mvua ilituchezea kidogo lakini mahindi yapo, ghala limejaa, watoto wanashiba. Pacha wetu nao: Kiroboto anaruka mpaka nimemfungia dirisha. Mwenzake, Mzee, bado ni mzee, jana alimwambia bibi yake kuwa kuku wetu "hawana nidhamu." Ana miaka mitano, sijui anayatoa wapi.

Panya siku hizi wapo wengi na wamekuwa wajinga. Zamani ulikuwa unatega wiki nzima. Sasa wanatoka mchana, wanatembea katikati ya uwanja kama wageni waliopotea. Kiroboto alimshika mmoja mkiani kwa mkono. Nikampiga kofi, Kiroboto, si panya.

Nimekuwekea na mfuko wa unga, wa mahindi yetu. Najua huko unakula vya kununua. Pika, ule, utukumbuke.

Nyumba yenye madirisha mawili inahitaji mapazia. Nimeanza.

Mkeo,
Mama Pacha


Nyumba ya Nyoka
9 Machi

Mama Pacha wangu,

Wamekula!

Ungekuwepo. Chatu alikuwa amejikunja kwenye kona kama kamba iliyotupwa. Nikamwachia panya wa kwetu, yule mkubwa wa kijivu. Ulimi ukatoka. Ukarudi, ukatoka tena. Nikaona kichwa kinainuka taratibu, Daktari akanishika mkono akasema "usipumue." Halafu pa! Sikuona alivyokwenda, niliona alivyofika. Tajiri alipiga makofi kama yuko harusini. Vifutu wote walikula. Hata yule kifutu mzee ambaye Bibi Funguo alishaanza kumwita marehemu.

Ila niligombana kidogo na Bibi Funguo, nikwambie ukweli. Hapa pana desturi yao. Panya yeyote wa kutoka nje haliwi siku anayofika. Anawekwa kwanza kwenye tundu la kusubiria, huko stoo, anakula nafaka safi ya hapa mpaka mwezi upite, ndipo anapewa nyoka. Bibi Funguo anasema hujui mgeni amepita wapi, mwache kwanza ajisaidie ya huko. Mimi nikamwambia mama, hao si wageni. Hao wamekula mahindi ya mke wangu, aliyoyapanda kwa mkono wake, na mimi nimekula mahindi hayo hayo maisha yangu yote, nimekufa? Akasema, "Wewe umemjibia mkeo, na panya awajibie nani?" Bibi yule! Lakini Tajiri alikuwa na haraka, watalii walikuwa wanakuja, akasema fungua. Nikafungua.

Daktari hakuwepo tulipoanza asubuhi hiyo, alikuja akakuta tayari tunatoa panya. Akauliza kama wamekaa kwenye tundu. Tajiri akajibu ndiyo kabla yangu.

Chumba kinapakwa rangi. Mapazia yawe marefu, dirisha moja linatazama bomba la maji ambapo watu wanaogea.

Unga nimeupata. Nimeuweka juu ya kabati, nimeufunga vizuri. Wenzangu wanasema pika tuonje. Sipiki. Nataka tuule siku mtakayofika, wewe ndio usonge, mimi nikae tu kama mgeni rasmi. Leteni panya zaidi.

Baba Pacha


Nyumbani
28 Machi

Baba Pacha,

Usicheke mwandiko. Wewe uliyeishia darasa la tatu leo umenishinda kwa herufi, mimi niliyekuwa naandikia barua mtaa mzima kabla ya Kasuku. Vidole vina ganzi. Nadhani ni baridi ya asubuhi na kufua. Midomo nayo inawasha kama niliyegusa pilipili, nikalala, na ikaamka na mimi. Mama yako anasema damu imepungua, nile mboga.

Madebe manne safari hii. Kasuku hategi tena, anaokota. Wengine wanazunguka mahali pamoja kama wamefungwa kamba. Tulicheka sana, tukasema panya wa kwetu wamepata pombe.

Mzee ameanguka ngazi ya jikoni, halafu akaanguka tena uwanjani pasipokuwa na kitu. Nikamwuliza vipi babu, akasema, "Mama, chini kumesogea." Kiroboto naye ametulia. Namwomba aruke, anaruka kidogo ananifurahisha, halafu anakaa. Labda wanakua. Watoto wakikua wanapoa.

Kuosha mahindi kunanimaliza mikono, viganja vimekuwa vyekundu havitakati hata kwa jivu. Ila tunashiba, usiwaze.

Pazia la kwanza limekwisha. La pili nimelishona likaenda kombo, nikalifumua, likaenda kombo tena.

Unga umeuonja? Hukuniambia ulikuwaje.

Mama Pacha


Nyumba ya Nyoka
14 Aprili

Mama Pacha,

Hii barua naiandika nimesimama.

Kifutu mzee amekufa. Siku kadhaa kabla yake alikuwa analala chali, namgeuza kwa fimbo, anarudi chali, tumbo juu, kama hajui juu ni wapi. Wa pili alimrukia panya akamkosa, akagonga kioo, akarudia akagonga pale pale. Kifutu hakosi, Mama Pacha. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa duniani. Chatu anatetemeka shingo.

Fira mzima. Yule wa mayai mzima, anatema maganda yake kama kawaida. Waliokula vya sokoni wote wazima. Wagonjwa ni wale tu waliokula panya wa kwetu.

Daktari alimpasua kifutu mezani, akakaa anamtazama. Akaniuliza, "Huyu alikula nini?" Nikasema panya. Akasema, "Hilo najua. Panya alikula nini?" Nikasema mahindi ya mke wangu. Akauliza ya kula au ya kupanda. Nikasema mahindi ni mahindi. Akasema hapana. Yapo ya kupanda yanayopakwa dawa ili wadudu wa ardhini wasiyaguse, na wanayatia rangi nyekundu ili mtu asije akadhani ni chakula. Akasema dawa ile haina haraka. Mtu anakula leo na kesho na kesho kutwa, anashiba, anacheka. Inaanza na ganzi ya vidole na midomo, halafu miguu, halafu macho.

Nikaenda nikaisoma tena barua yako. Nikaenda nikaisoma tena.

Mama Pacha, sisi hatuoshi mahindi. Tangu nikuoe hujaosha mahindi, unapeta, unapeleka kusaga. Kwa nini unaosha? Kwa nini viganja vyako ni vyekundu? Mahindi yetu ni meupe.

Niambie ukweli, sitagomba. Ghala lina nini?

Na kabla hujanijibu, acheni kuyala.

Bibi Funguo ananifungulia matundu kama kawaida. Ningependa anitukane.

Baba Pacha


Nyumbani
25 Aprili

Mume wangu,

Barua yako ilinikuta kitandani. Herufi zinanikimbia, nikitazama neno hili, la pembeni linazimika, kama ninayechungulia kwenye tundu la kitasa. Nilisoma mwanzo, kifutu na chatu, nikachoka. Nimeikunja, Shemeji atanimalizia akirudi. Lakini niliona mstari mmoja, ghala lina nini. Kwa hiyo nakujibu huo.

Ghala halikuwa na kitu. Mvua haikutuchezea kidogo, ilitukataa. Nilivuna kikapu. Sikukuandikia kwa sababu najua ungeacha kazi urudi, na ukirudi tungekuwa midomo sita mbele ya kikapu badala ya mitano. Nilisema nitakwambia tukifika huko, kwenye chumba.

Kasuku ndiye aliyetuokoa. Kuna bohari la mbegu lilifungwa kule barabarani, msimu ulikuwa umepita, magunia yakagawiwa hovyo. Akaja nayo usiku na mkokoteni, anaimba. Mtaa mzima walichukua. Kweli yalikuwa mekundu, na gunia lina picha ya fuvu. Kasuku akasema hiyo ni ya kuwatisha wezi. Lakini si mjinga, usimwone hivyo, alisema tuyapime kwanza. Tuliosha mpaka maji yakatoka meupe, tukawapa panya wawili kwenye debe. Tukangoja wiki. Hawakufa, walinenepa. Kasuku akasema, "Panya akila asife, mtu ale ashibe." Tukala. Wote tulikula, na mama yako, na majirani.

Wale panya wawili ndio walikuwa wa kwanza kwenye debe lako. Tuliwachagua kwa sababu ndio wanono.

Usinikasirikie. Watoto walikuwa wanalia njaa na sasa hawalii. Mzee hatembei vizuri ila anashiba.

Andika mistari mikubwa, au basi mwandikie Kasuku anisomee.

Wako


Kando ya mto
8 Mei

Mama Pacha. Na wewe Kasuku unayesoma, soma polepole, soma kila neno, na mama yetu asikie.

MSILE. Hayo mahindi msiyale, unga wake msiule, kuku wasiule. Kuosha hakuondoi. Rangi inaondoka, dawa inabaki, imeshaingia ndani ya punje. Panya hawakufa kwa wiki kwa sababu dawa ile haiui kwa wiki. Mlipima kitu sahihi kwa muda mfupi. Sisi huku tuna tundu la kusubiria la mwezi mzima na mimi kwa kiburi changu nililiruka. Chatu amekufa juzi. Alikuwa mzito kuliko mimi, na alikula panya tu waliokula mahindi hayo. Ninyi mnakula mahindi yenyewe.

Ule mfuko wa unga nilimpa Daktari, ameupeleka kupimwa, ni dawa ile ile. Sikuwa nimeuonja. Nilikuwa nawasubiri.

Tajiri amenifukuza, na hakukosea. Daktari ndiye aliyenipa magunia ya unga safi, akamlazimisha Polepole anipakie. Tumefika mtoni, daraja halipo. Mvua za milimani zimejaza mto, maji yamelichukua usiku wa juzi. Barua inavuka, wanaifunga kwenye kopo na kulivuta kwa kamba. Gunia halivuki. Nimejaribu kuingia majini, Polepole na wenzake wakanitoa kwa ukosi wa shati. Nalala juu ya magunia yenu, nayaona mawe ya ng'ambo, naweza kuyahesabu.

Kasuku mdogo wangu, sikulaumu, nakuomba. Zika yale mahindi. Chimba shimo, mimina, fukia, na waambie majirani. Kuleni majani, kuleni mizizi, ombeni kwa yeyote aliye na chochote kisicho chekundu. Mwende zahanati, mseme mmekula mbegu ya dawa, wao watajua. Watoto wakilia njaa, waacheni walie. Anayelia bado ana nguvu.

Nijibuni kwa kopo hili hili, neno moja tu: tumezika.

Baba Pacha


Nyumbani
10 Mei

Mume wangu mpendwa,

Anayeandika ni Shemeji, maneno ni yangu. Mikono imenigomea kabisa, hata kijiko nashikishwa.

Amenisomea barua yako. Nimeshukuru, ingawa safari hii uliandika fupi, nilitegemea zaidi. Nimefurahi kwamba nyoka wamepata nafuu na kwamba umeshafika mtoni na magunia yetu. Nimefurahi uliposema tusiwe na hofu, tuendelee kula tushibe, mpaka ufike. Nilikuwa nimeanza kuogopa, unajua? Mtu akilala muda mrefu mawazo yanakuwa mengi. Nilidhani utaniambia kitu kibaya.

Kiroboto yuko pembeni yangu, hasemi sana, maneno yanamtoka kama amejaza mdomo. Anasema umletee nyoka mdogo. Mzee amelala. Mama yako amelala pia, tangu jana.

Mapazia yako chini ya godoro. La pili ni kombo, utanivumilia.

Mkeo
Mama Pacha

Kaka,

Hapa sasa ni mimi mwenyewe, amelala.

Ile ya Aprili aliyoikunja alisahau kunipa. Hii niliisoma yote, peke yangu, nyuma ya choo. Kila neno kama ulivyosema. Halafu nikaingia ndani nikawasomea nyingine.

Usinitukane bado. Zahanati imefungwa, mganga alichukua magunia mawili, amelala kama sisi. Nilizunguka mtaa mzima natafuta kisicho chekundu. Nyumba zote ni zile zile. Majani yaliisha Machi. Nikarudi, nikakuta sufuria liko jikoni, Kiroboto amelishika kwa mikono miwili asije mtu akaliondoa. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Ungemwambia amekwisha kula kifo, sasa ashinde na njaa juu yake? Mimi ndiye niliyekileta nikiimba. Nilishindwa, kaka. Nikawapakulia, nikasoma, wakafurahi, wakala.

Na mimi nilikula nao. Tangu mwanzo nakula nao.

Neno uliloomba siwezi kukuandikia. Usingoje maji yapungue. Funga magunia kwenye kamba, jifunge na wewe, vuka hivyo hivyo. Na ukifika uingie ukipiga kelele, ukitaja jina la kila mmoja, kwa sababu hatutakuona ukija.

Samahani kwa mwandiko. Nilianza barua hii vizuri, lakini tangu hapo juu mistari inanikimbia.

Mdogo wako,
Kasuku